Kadi Tatu na Koti Moja

Nyumbani kwetu Tororo malori hayakulala na mafuta. Jioni, dereva akishazima injini na kuvuta breki ya mkono, kazi yake ya mwisho ilikuwa kuleta mpira, kuutumbukiza ndani ya tangi, kuvuta kwa mdomo mpaka dizeli ije, kisha kutema mate na kutukana kidogo huku mafuta yakishukia kwenye madumu. Madumu yalifichwa nyuma ya kuni za jikoni, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hafichi mafuta, na ndiyo sababu baba alipachagua. Asubuhi tuliyarudisha tangini kwa kikombe na faneli. Mama hakuacha kulalamika kwamba chai yetu ilinuka gereji.

Kila msafirishaji wa mji ule alijua kwa nini tulifanya hivyo. Miaka ile ya utawala wa kijeshi Uganda, askari aliyehitaji lori hakukodi. Alikuja, akaashiria kwa mtutu wa bunduki, akapanda. Lori lililokutwa na mafuta liliondoka naye, na likarudi bila magurudumu au lisirudi kabisa. Lililokutwa kavu liliachwa, maana askari mwenyewe hakuwa na mafuta, na kusukuma tani saba kunataka watu wenye shida kuliko yake. Kwa hiyo tuliyalaza magari yetu na njaa. Madereva wetu nao walikuwa na jibu moja tayari mdomoni, wakiulizwa na mtu yeyote mwenye buti: hapana mafuta. Walilizoea mno, hata ungewauliza ni saa ngapi wangeweza kukujibu hivyo.

Baba alikuwa na malori matatu. Babu, mzaa baba, alikuja Tororo na reli kutoka pwani, akaoa Mnubi, na wajukuu wake tukawa watu wa kukwaruza kalamu kila fomu inapouliza kabila. Tulikuwa Waislamu wa mjini, basi, watu wa maduka na magari. Malori yetu yalibeba mashudu ya pamba kupeleka upande wa Kenya na kurudi na chumvi na sabuni, kwa vibali vilivyogongwa mihuri mpaka karatasi ikachoka. Kaka zangu walikuwa wameondoka kwenda kusoma na hawakuwa na haraka ya kurudi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na ninajua kupiga taipu, kwa hiyo nikawa karani, yaani mtu wa kulaumiwa.

Dizeli ya Tororo ilipatikana kwa kibali cha ofisi ya wilaya. Unapanga foleni kupata kibali, kisha unapanga foleni kwenye pampu, na ukifika mbele unaambiwa yaliyobaki ni ya jeshi. Nilipanga foleni hizo muda mrefu kiasi cha kujua watu wanaopanga foleni hufanana wote, hata nyuso. Ndipo baba akaja na wazo la kununua mafuta ng'ambo, Busia ya Kenya, kwa utaratibu wa kadi. Mnunuzi wetu wa mashudu kule angemlipa mwenye kituo moja kwa moja, na kila lori letu lingejaza kwa kuonyesha kadi. Uzuri wake, alisema baba, ni kwamba mafuta yetu yatakuwa chini ya ardhi ya watu wengine, ambako bunduki ya huku haifiki.

Tulikwenda kuchagua kituo, baba na mimi. Cha kwanza kilikuwa karibu na forodha, kimepakwa rangi mpya, na meneja wake alivaa tai. Alituonyesha kadi nzuri sana, ngumu, inayong'aa, yenye mistari ya kujaza. Niliipenda palepale. Baba akaomba aone fimbo ya kupimia tangi la chini. Meneja akacheka, akasema, "Mzee, hii ni kampuni kubwa, hatuishiwi." Baba akamshukuru, akaiacha chai nusu, tukatoka.

Cha pili kilikuwa mbele zaidi, barabarani, pampu mbili zilizobambuka rangi na kibanda cha mabati. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kisamia, mwanamke mrefu asiyetabasamu bila sababu, mwenye jamaa pande zote mbili za mpaka. Baba alipoomba fimbo aliitoa nyuma ya mlango, akafungua kifuniko cha ardhini, akaichovya, akaipandisha na kumwonyesha ilipolowa. Baba akapaka tone moja katikati ya vidole viwili, akanusa kuona kama limechanganywa na mafuta ya taa.

"Hapa," akasema.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kadi za huyu mama zimekatwa kwenye maboksi ya sabuni.

"Binti yangu," akasema, wala hakupunguza sauti, "lori halinywi kadi."

Ubishi ulikuja baadaye, tulipokaa kupanga masharti. Baba alitaka kadi ifuate gari, kwa sababu dereva huugua, hufiwa, huoa. Mimi nilitaka ifuate dereva, kwa sababu gari haliwezi kuulizwa swali. Mjane alitusikiliza kama mtu anayesikiliza watoto wakigombea mkeka. Mumewe, alipokuwa hai, alijaza watu mafuta kwa kuamini sura zao, na yeye ndiye aliyeachiwa kuwatafuta.

"Yote mawili," alisema. "Kadi itakuwa na namba ya gari na picha ya dereva. Gari bila mtu wake, sijazi. Mtu bila gari lake, sijazi. Mkiona ni sawa, tuendelee. Mkiona si sawa, pampu ya mwenye tai ni ile pale."

Tukaona ni sawa.

Picha zilipigwa Tororo, kwa mpiga picha aliyekuwa na pazia lililochorwa maua na koti moja. Koti lilikuwa la kukodisha, jeusi, la mtu mnene. Kila dereva alipoketi kwenye kiti alivishwa koti lile, akabanwa kwa pini mgongoni, akaambiwa asipumue. Picha zilipotoka nilikuwa na wanaume watatu wasiofanana hata kidogo ndani ya koti moja, wote wanatazama kama watu wanaosubiri hukumu. Nilizibandika kwenye vipande vya boksi, nikapiga taipu namba za magari, nikafunga kila kadi ndani ya nailoni na kuiunguza kingo kwa mshumaa. Mjane akagonga muhuri wake. Sijawahi kufanya kazi ya ofisi iliyonipendeza kuliko ile, ingawa sikumwambia mtu.

Dereva wa lori kuukuu aliipokea kadi yake kwa mikono miwili. Alikuwa Mpadhola aliyeoa na kulima Mukuju, kijijini nje ya mji, mtu mzima, mfupi, mwenye vifundo vya vidole kama tangawizi. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na mtani wa kila siku nyingine, na aliendesha lori letu tangu mimi ni mtoto. Ndiye aliyenifundisha kurudisha lori nyuma uani, baba akijifanya haoni. Nilimwita mjomba, naye aliniita mama, kama watu wa kwao wanavyomwita msichana wanayemheshimu. Alikuwa na sharti moja tu la kazi: msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna, asitafutwe.

Aliitazama ile picha kwa muda. "Huyu mtu ni mkubwa sana," akasema. "Mimi nikikutana na yeye njiani, nasalimia kwanza."

Mpango ule ulifanya kazi. Sitaki kuutia chumvi, haukututajirisha, lakini malori yalitembea wakati ya wenzetu yameota nyasi. Mjane alisimama kando ya pampu, akaiinua kadi karibu na shavu la dereva, akatazama picha, akatazama uso, akazunguka mbele kusoma namba ya gari, ndipo akafungua kufuli. Alifanya hivyo kila safari, hata kwa watu aliowajua mpaka majina ya watoto wao. Mjomba alizoea kumgeuzia shavu kabla hajaombwa.

Siku lilipotokea lililotokea nilikuwa ndani ya lori. Nilikuwa nimekwenda naye Busia kuhakiki hesabu na mjane, kazi niliyoifanya kila mwisho wa mwezi. Tulijaza tangi, tukapakia chumvi, tukavuka forodha salama. Kabla hatujaimaliza Busia ya upande wetu tukakuta gogo barabarani na askari. Kulikuwa na ofisa kijana na shehena ya mabati yaliyorundikwa kando ya njia, na mabati yale hayakuwa na mwenyewe ambaye ungependa kumuuliza.

Ofisa akapiga bodi la lori kwa kiganja. "Hii gari tunachukua."

"Afande," akasema mjomba, "hapana mafuta."

Neno lilishamtoka. Nilimwona usoni kwamba alilisikia baada ya kulisema, kama mtu anayesikia sahani ikivunjika chumba cha pili. Tulikuwa tunatoka ng'ambo na tangi limejaa mpaka shingoni. Kifuniko kilikuwa bado kinametameta kwa dizeli iliyomwagika.

Ofisa hakukasirika mara moja. Alikwenda kwenye ua wa mtu, akavunja kijiti, akafungua kifuniko, akachovya. Kijiti kilirudi kimelowa mpaka vidoleni mwake. Akakileta dirishani.

"Hii nini?"

"Mafuta, afande."

"Na wewe nasema hapana. Nani nakudanganya? Mimi ama serikali?"

Wakatushusha. Wakampigisha magoti kwenye changarawe na kumpiga makofi, si mengi, kwa uvivu, kama watu wanaokung'uta zulia. Mimi waliniambia nitazame upande mwingine, nikatazama chumvi yetu inavyotupwa shimoni, gunia kwa gunia, ili mabati yapate nafasi. Ofisa akachukua leseni ya mjomba na kitambulisho chake, akavitia mfukoni.

"Kesho asubuhi unakuja kambi ya Tororo. Hukuja, nachukua mzee yako mwenye gari."

Wakaondoka na lori. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mjomba, na hawakuigusa, kwa sababu kwao ilikuwa kipande cha boksi.

Tulirudi Tororo juu ya trela la trekta ya mkulima mmoja, tumekaa juu ya mihogo. Njia nzima mjomba alisema jambo moja tu: "Mdomo yangu, mama. Mdomo yangu." Nilimkasirikia sana. Nilimkasirikia kwa neno lile, nikamkasirikia baba aliyewafundisha madereva neno lile, kisha hasira ikakosa pa kwenda ikaishia kwa mihogo, maana ilinichoma.

Kila mtu wa Tororo alijua maana ya kuambiwa uje kambini. Wengine walirudi. Kati ya waliokwenda bila leseni, bila kitambulisho na kwa kosa la kumdanganya ofisa, sikumjua hata mmoja aliyerudi. Baba alituketisha ofisini, chumba cha mbele kilichofunguka barabarani, akafunga mlango, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kambini huendi," akasema.

"Mzee, watakuja kwako."

"Waje. Mimi mzee, nina ndevu nyeupe na ninajuana na shehe wao. Watanichapa makofi, watanirudisha. Wewe watakuweka."

"Karanga yangu iko tayari," akasema mjomba. "Wiki hii nang'oa."

Hapo baba, mtu asiyeinua sauti, aliinua sauti. Alimwambia kwamba yeye ana malori na mjomba ana shingo moja, na kwamba karanga zinaweza kuota tena. Mjomba akainamisha kichwa. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba hatarudi Mukuju jioni ile, na pengine si mwaka ule.

Wakapanga haraka. Angevaa nguo za shamba na kubeba jembe, atembee mchana kweupe kama mkulima anayekwenda kusaidia ukweni, apitie mashamba ya Sikuda ambako shemeji yake aliolewa, avuke kijito, aingie Kenya bila kuiona barabara. Mpaka hapo mpango ulikuwa mzuri. Lakini kuvuka si kufika. Kule ng'ambo polisi nao walikuwa wanawakamata Waganda wasio na karatasi na kuwarudisha forodhani, mikononi mwa walewale. Hakuwa na ndugu kule. Hakuwa na karatasi yoyote yenye sura yake ila kadi yetu.

"Aende kwa yule mjane," baba akasema.

"Baba, yule mama hapokei mtu bila gari," nikasema. "Tumemsikia wenyewe. Hata marehemu mumewe akifufuka atamwomba namba ya gari."

Baba aliinuka akafungua mlango. Kisha akasema, "Hatuna mwingine."

Mama alimpa jembe letu la bustani na mihogo ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Mjomba alipita uani, akaligusa lori lililosimama karibu na mlango, la mwenzake, akatoka. Jua lilikuwa bado juu. Nilimtazama akipita mbele ya maduka na jembe begani mpaka alipopinda, na hakuna mtu aliyegeuka kumtazama.

Siku iliyofuata walikuja. Baba aliwaambia kwamba dereva yule amemfukuza kazi kwa sababu ni mwongo. "Na ni kweli alidanganya," alituambia baadaye, kwa namna ya mtu anayetetea ushahidi wake. Walimchukua hata hivyo. Mama alikaa kwenye mkeka wa kuswalia na hakuinuka ila kutawadha. Baba alirudi kesho yake, bila viatu, shavu limevimba, akaingia, akanywa maji, akauliza kama kuna habari yoyote kutoka ng'ambo. Hakukuwa na habari.

Mimi nilikwenda Mukuju kumwambia mkewe. Nilimkuta shambani anang'oa karanga peke yake. Alinisikiliza ameshika shina mkononi, udongo unadondoka.

"Amefika?" akauliza.

"Hatujui, mama."

Aliendelea kung'oa. Nilipoondoka alinipa mfuko mdogo wa karanga mbichi. "Ukimkuta," akasema. Hakusema nisipomkuta nizifanye nini.

Wiki zikapita. Karanga zile nilizianika juu ya bati la jikoni, zikakauka, nikaziogopa. Kila nilipopita nilizitazama kama mtu aliyewekewa amana na mwenyewe hajulikani alipo. Yapo maneno mengi juu ya miaka ile, watu waliopotea na namna walivyopotea, na wengi wanayasimulia vizuri kuliko mimi. Mimi ninachokumbuka ni karanga kwenye bati.

Madumu ya jikoni yalipokaribia kwisha, lori la pili lilipata kibali cha kuvuka. Baba akaniambia mbele ya dereva, kwa sauti ya kazi, "Nenda nalo. Ukifika kituoni mwambie yule mama amfutie kadi yule mtu." Kisha akanitazama muda mrefu kuliko kazi hiyo ilivyohitaji. Nilichukua mfuko wa karanga, nikauweka chini ya kiti.

Dereva huyu wa pili alikuwa mwoga kwa asili, na tangu siku ile alikuwa akiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Tulivuka. Kituoni, mjane alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda chake anachambua mboga. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua uso.

"Mama, baba amenituma. Kuna kadi moja tunataka uifute."

"Ipi?"

"Ya yule dereva... yule wa koti."

"Wote wana koti," akasema.

Akaiweka mboga pembeni, akajifuta mikono.

"Alikuja asubuhi, amebeba jembe," alisema. "Miguu imevimba. Akasimama pale kwenye pampu, mahali pake pa siku zote, akatoa kadi, akanigeuzia shavu. Nikamwambia, gari liko wapi? Akasema, askari wamelichukua. Nikamwambia, basi, mzee, unajua sheria yangu, mtu bila gari simjazii. Akasema anajua. Akasema hakuja kutaka dizeli."

"Alitaka nini?"

"Alitaka maji ya kunywa." Mjane akachukua tena mboga zake. "Sheria yangu ni ya mafuta. Ya maji sikuwahi kuitunga."

Polisi walipita siku hiyohiyo, alisema, wakauliza huyu ni nani. Akawaonyesha kadi, yenye picha, koti, na muhuri wake mwenyewe, akawaambia huyu ni mtu wa kituo chake na karatasi yake ndiyo hiyo. Wakaisoma pande zote mbili, upande wa pili ukiwa bado na nusu ya tangazo la sabuni. Wakamrudishia.

Mjomba alitoka nyuma ya kibanda akiwa amevaa ovaroli iliyomzidi urefu, ameikunja miguuni. Alikuwa amekonda. Aliniona, akanitikisia kichwa kidogo tu, kisha akaenda moja kwa moja upande wa dereva wetu, mtu aliyekula naye sahani moja miaka yote hiyo, akanyoosha mkono.

"Kadi."

Dereva wetu aliduwaa. Akaitoa. Mjomba akaiinua karibu na shavu lake, akatazama picha, akatazama uso, akazunguka mbele akasoma namba ya gari kwa kidole. Akarudi.

"Uso sijui vizuri," akasema. "Lakini koti najua."

Dereva akaangua kicheko, na mjane pia, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia. Mimi nilikwenda nyuma ya lori nikalia. Nililia kwa furaha na kwa hasira, na sikujali nani ananiona. Nilipomaliza nikajifuta kwa ncha ya mtandio, nikatoa mfuko wa mkewe chini ya kiti, nikampelekea.

Alifungua, akavunja ganda moja, akatafuna polepole.

"Alichelewa kung'oa," akasema. "Alikuwa peke yake." Akaufunga mfuko, akautia ndani ya ovaroli, upande wa kadi.

Kisha akafungua kifuniko cha tangi letu, akachungulia. Lilikuwa karibu tupu, kama kawaida yetu. Akaanza kujaza. Alijaza mpaka juu, huku anazungumza na bomba badala ya kuzungumza na sisi.

"Njiani wakiuliza mafuta, msiseme hapana. Semeni iko. Wakitaka kidogo, mpe. Hiyo neno yetu ilikuwa nzuri zamani, wakati hakuna mtu nachovya kijiti."

Tulirudi. Kwenye gogo lilelile kulikuwa na askari mwingine, amechoka, kofia mkononi. "Mafuta iko?" akauliza. Dereva wetu alinitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango kana kwamba mlango ungenisaidia.

"Iko, afande."

Askari alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kigeni. Akaleta dumu, akajichotea, akaondoa gogo.

Tuliingia uani kabla ya magharibi. Baba alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha ofisi, na hakuuliza juu ya chumvi wala forodha.

"Umemfuta?"

"Hapana," nikasema. "Yuko kazini."

Baba alikwenda kwenye lori, akakaa kwenye kipandio cha mlango, uso kwenye viganja, mabega yakimtikisika, na mama akatoka jikoni akasimama mbali akimtazama. Dereva alingoja kuambiwa alete mpira. Hakuambiwa. Akazima injini, akavuta breki ya mkono, akaenda kwao. Lori lile lililala usiku kucha na tangi lenye mafuta, uani kwetu, na asubuhi tulilikuta.